Tangazo la Tatu

Damiano wangu anaoa! Mdogo wangu Odilia, marahaba nitakuitikia ukifika. Tangazo la tatu limesomwa kanisani hapa kijijini kwetu Ulaya, hakuna aliyepinga. Nani angempinga kijana mwenye suti ya mitumba safi kama ya mbunge?

Wiki iliyopita alikwenda Mikumi kununua viatu vya arusi. Juzi askari wa wanyamapori walileta baiskeli yake tu, waliyoiokota mbugani, viatu vimefungwa kwenye keria. Mchungaji akasema, "Mama Damiano, tuahirishe." Nikamjibu, "Baba, miaka kumi na miwili waliniita tasa. Mungu aliniahidi huyu mtoto, akamleta. Leo anigeuke?"

Viatu nimeshavipiga rangi. Mchele nimepeta.

Dada yako Rebeka, mama wa bwana arusi. Njooni wote Jumamosi, tarehe kumi na mbili.