Joto la Shangazi

Ruiru,
15 Mei 1994

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Hamjambo nyumbani? Kifua kimepona ama bado unakohoa ukitoka kiwandani? Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo si nzima.

Mama, ulisema ni likizo tu. Ati nimsaidie Shangazi hadi mtoto wake akomae kidogo, halafu nirudi Thika kabla ya shule kufunguliwa. Shule si imefunguliwa? Kengele ya shule ya hapa naisikia nikiwa kitandani, mtoto amefungwa na leso kifuani kwangu, ananipumulia shingoni. Alizaliwa kabla ya siku zake, yaani ni mdogo kama nusu mkate, na nesi alisema akae ngozi kwa ngozi na mtu wa nyumbani asipate baridi. Mtu wa nyumbani amekuwa mimi. Mwisho wa safari zangu ni kamba ya nguo.

Unajua kwa nini mimi? Kliniki walitupima sote na themomita. Shangazi akapata thelathini na sita na nusu, mimi thelathini na saba. Akapiga makofi palepale: "Kamene ana joto kunishinda! Basi mtoto akae kwake." Tangu siku hiyo anamshika wakati wa kumnyonyesha tu, halafu ananirudishia haraka haraka. Hata jina hajampa.

Nataka kurudi darasa la nane, Mama. Niambie nifanye nini.

Mwanao,
Kamene


Thika,
29 Mei 1994

Kamene mwanangu,

Habari ya huko? Na habari ya mtoto? Sisi ni wazima. Kikohozi kilikwisha, usinitafutie magonjwa.

Barua yako Odhiambo wa gari la mkate aliniletea kazini. Niliisomea chooni maana sikutaka wenzangu waone machozi.

Nilimpigia Shangazi yako simu kwa jirani. Nikamwambia, wifi, huyu mtoto wangu ana mtihani Novemba. Akasema, "Na huyu wangu akinifia, mtihani utanirudishia?" Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki, lakini amezika watoto wawili, wote wachanga. Na baba yako alipotutoka, ni yeye aliyekuja kukaa nasi, akanilisha kwa kijiko kama mgonjwa. Leo nianze vipi kumfokea?

Sitakuficha neno. Mwalimu Ndung'u anasema usiporudi kabla ya mtihani wa majaribio mwezi wa saba, utarudia darasa. Rafiki yako Leila amekunakilia masomo ya sayansi, nimeyaweka humu ndani. Soma huyo mtoto akilala. Vumilia kidogo.

Mama yako


Ruiru,
19 Juni 1994

Mama,

Hujambo? Mimi ni mzima vile kuku wa kwenye tenga ni mzima.

Hilo neno lako "vumilia" limenikasirisha, sikufichi. Nilikaa wiki mbili bila kukuandikia makusudi. Dirisha la chumba hiki linatazama ukuta wa jirani na ukuta huo nimeshaujua wote. Nikisimama, mtoto analia. Nikikaa, mgongo unalia. Shangazi yuko sokoni na mitumba yake, akirudi kunyonyesha ananiuliza kitu kimoja tu: "Bado una joto?" Kwani mimi ni jiko?

Lakini hizo karatasi za Leila, aki Mama, zimenifungua macho. Sisi nyumbani tunasema joto tu: joto la chai, joto la mgonjwa, joto la jua. Kumbe hapo kuna vitu viwili. Kuna halijoto, huo ni ukali, na ndio themomita inasoma. Halafu kuna joto lenyewe linalotoka kwa kitu cha moto kwenda kwa kilicho baridi, na hilo lina wingi. Themomita haijui wingi. Cheche ya makaa ni kali kuliko maji ya kuoga mara nyingi sana, lakini ikikurukia mkononi unapangusa na kuendelea kupika, kwa sababu ni kitu kidogo sana, hakina joto la kukupa. Karai la maji vuguvugu ndilo lina joto jingi.

Sasa fikiria. Mimi na Shangazi tumepitana nusu digrii tu ya ukali. Lakini Shangazi ni wawili wangu! Yeye ndiye ana joto la kutosha.

Nilimwambia. Akanijibu, "Hivyo vitabu vimewahi kuzika mtoto?" Akaenda zake. Yaani mimi nimefungwa na nambari ya themomita.

Kamene


Thika,
26 Juni 1994

Mwanangu,

Hujambo? Hasira yako imefika, nimeipokea, na sijakasirika.

Hiyo ya cheche sijaielewa vizuri, lakini wifi yangu namwelewa. Huyo ni mwanamke wa mitumba. Haamini nguo mpaka aishike. Usimsomee, mshikishe.

Na usimjibu vibaya. Si kwamba hakupendi wala hampendi mtoto. Anaogopa mikono yake mwenyewe.

Mama yako anayekungoja


Ruiru,
14 Julai 1994

Mama mpendwa,

Hamjambo? Huku baridi ya Julai inauma, lakini sisi sote watatu ni wazima.

Juzi asubuhi niliteka maji ya mfereji kwenye karai mbili, maji yale ya kukata vidole. Karai moja nikamwagia kikombe cha maji yaliyochemka. Nyingine nikamwagia sufuria nzima ya maji vuguvugu, yale unaweza kumwogesha mtoto. Nikamwita Shangazi. "Tia mikono."

Akatia. Ile ya kwanza akatoa mkono mbio: "Uwi! Si hii ni barafu!" Ile ya pili akauacha mkono ndani.

"Na kikombe ndicho kilikuwa kinachemka," nikamwambia. "Mimi ndio kikombe, Shangazi. Wewe ni sufuria."

Akaniangalia. "Umeniita mnene?"

"Ndiyo."

Akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda. Halafu kicheko kikageuka, akalia, mkono bado uko majini. Akasema, "Kamene, wale wawili walipoa mikononi mwangu. Nilidhani mimi sina joto." Nilifungua leso nikamlaza mtoto kifuani kwake, na hakumrudisha. Amekaa naye tangu siku hiyo, sokoni haendi. Jana amempa jina la Baba. Sasa tuna Muthoka tena, Mama.

Usiijibu barua hii. Odhiambo anakuletea leo, na keshokutwa Jumamosi atanileta mimi, nikae kati ya kreti za mkate. Mtihani wa majaribio ni Jumatatu.

Niliomba sana kutoka hapa, na nimefurahi, usidhani sijafurahi. Lakini usiku naamka nikipapasa leso na hamna mtu. Kifua changu kina baridi. Nitengee chai, kwa ile sufuria kubwa.

Mwanao,
Kamene