Mstari Uliouchora kwa Tindo

Papa,

Ulikosea. Naanza hapo kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kutaja ubovu kwanza, sifa baadaye.

Tulipotoka kukuzika, Tonton, mdogo wako, alisimama mlangoni mwa gereji yetu ya Cimpunda akaitazama ile injini ya mazutu, ya dizeli, uliyoiacha juu ya meza. "Hii kitu ndiyo ilimumaliza ndugu yangu," akasema. "Tuikate, tuiuzishe ku vyuma." Familia ikaitikia. Mafundi wa magari, wale waliokucheka miaka yote, eti fundi wa piki anaunda vilebrequin ya gari lenye turbo, walitikisa vichwa kwa huruma. Huruma yao ndiyo iliyoniudhi. Nikawaambia injini haikatwi mwezi huu. Sikuomba.

Unajua vizuri ulichokuwa unakitafuta. Vilebrequin ya gari, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ni chuma kimoja kilichopindwapindwa. Ikiharibika mahali pamoja, unaitupa yote. Ya pikipiki ni vipande vilivyobanwa pamoja, kimoja kikiisha unaweka kingine. Ulitaka gari nalo liwe hivyo, ili mtu wa Cimpunda asiliegeshe lake mpaka kuku watage ndani. "Chuma haijuake kama iko mu piki ao mu gari," ulikuwa unasema, na mimi nilikuamini kuliko katekisimu.

Nikaifungua injini. Unakumbuka mstari uliouchora kwa tindo, ukivuka pale vipande viwili vinapokutana, ili tujue kama vitateleza? Mstari ulikuwa umeachana, Papa. Unene wa ukucha tu, lakini umeachana. Turbo ilisukuma kuliko pikipiki yoyote uliyowahi kuigusa, na presi yako ya kubania vipande haikutosha. Nililia kwa hasira, kwa sababu hukuwepo nikugombeze.

Basi nikafanya ulichonikataza. Wewe ulishikilia kwamba fundi anayepasha chuma moto ni mvivu. Nikachongesha pini nene zaidi ya kuunganisha vile vipande, nikailaza katika barafu ya maman anayeuza samaki ili isinyae, nikapasha tundu lake kwenye makaa hadi likatanuka, nikaiingiza mbio kabla halijapoa. Vikashikana. Nikachora mstari mpya kwa tindo lako lile lile.

Injini iliporudi ndani ya gari lako, nilimketisha Tonton kando yangu, magunia ya mchanga nyuma. Tukapandisha kilima cha Cimpunda mara tatu, turbo ikipiga mluzi. Alishikilia mlango kwa mikono miwili. Kisha nikaifungua injini mbele yake. Akavaa miwani, akapitisha kidole.

Mstari ulikuwa mzima.

Akauliza nitaifunga lini, maana ana safari ya Minova na anataka kwenda na gari hilo hilo.

Wale wengine bado wanacheka. Wacheke, wapandishe na wao na magunia yale. Nakukumbuka sana, Papa, hasa asubuhi nikifungua mlango na hakuna anayenilaumu kwa kuchelewa.

Ninakuahidi hivi: kila nitakayoiunda nitaichora mstari, na nitaifungua niuangalie, hata siku mstari huo utakaponiaibisha mbele za watu. Lakini kukatwa, injini yako haikatwi.

Pumzika. Ulikosea kuhusu makaa tu. Kuhusu chuma, ulisema kweli.

Binti yako