Maelezo ya Shahidi Kuhusu Miche ya Nyanya Iliyolala Kitaluni

Jina: anajulikana kwa wote kama Mzee Vidole. Umri: sabini na kitu. Kazi: mtunza miche, kitalu cha ushirika. Makazi: chumba cha nyuma ya kitalu hicho.

Mimi, afande, mbegu ikiniona inaota kwa woga. Andika hiyo. Haya, usiandike.

Mnamo tarehe tatu mwezi huu, saa mbili asubuhi, nilimkuta mke wa mwanangu, huyo mliyemfungia humo ndani, akichanganya wali uliooza na udongo wa trei zote kumi na mbili. Wali una ukungu wa kijani! Nikamwambia, "Mkwe, huo hata kuku atakushitaki." Akacheka. "Baba, ukungu huu ni mlinzi. Unakula ule ukungu mbaya unaokata miche shingoni."

Ukungu kula ukungu mwenzie? Miaka arobaini kitaluni, sijasikia.

Tarehe nne alikwenda sokoni, mbegu bado hazijapandwa. Nikaokoa nilichoweza. Trei sita za mlangoni nilimwaga udongo wake, nikajaza wangu. Sita za ukutani sikuzifikia, mgongo ulikataa. Sikumwambia mtu. Kesho yake akapanda zote.

Tarehe kumi na sita asubuhi miche imelala, shina limesinyaa kama limefungwa uzi. Mwenyekiti wa ushirika akauliza nani kagusa udongo. Nikasema mkwe, kaweka sumu, nimemwona kwa macho haya. Ndipo mkaja mkamchukua.

Sasa, afande, unaniuliza trei zipi zimekufa. Za mlangoni. Na za ukutani? Zimesimama zote, hata mche mmoja haujainama. Unaniuliza za mlangoni zilikuwa na udongo wa nani.

Ngoja kwanza.

Nimehesabu mara tatu. Zilizokufa ndizo nilizookoa.

Sielewi. Udongo wangu msafi, nimeuchekecha mwenyewe. Uchafu wake ndio uliolinda? Sielewi, afande. Ila binti wa watu hana kosa. Mfungulie.

Nimesomewa yote. Ni maneno yangu, hata yale ya aibu.

Alama ya dole gumba la kulia.

Maelezo ya ofisa: Shahidi hajui kusoma, nimemsomea. Nilipotaka kufuta neno "sumu" alikataa. Mtuhumiwa ameachiwa saa sita mchana. Shahidi ameomba mkwewe apewe karatasi hii aisome. Ameisoma akiwa amesimama, kwa macho tu. Shahidi, aliyekaa benchini, ameniuliza mara nne mkwewe amefika wapi kusoma.