Kibuyu Juu ya Maji

Kambi ya mkonge, upande wa Korogwe
Jumapili

Mama yangu, mayu,

Shikamoo. Najua umeshaitika marahaba kabla Mwajuma hajashusha pumzi. Nawe Mwajuma, mdogo wangu, soma polepole, usimkimbize mama, na ukifika mahali pazito usiparuke. Madarasa ya watu wazima yametufaa: mimi naandika, wewe unasoma, na hakuna mtu baki anayeingia katikati yetu.

Goti lako vipi, mama? Karanga zimekubali mwaka huu? Nimesikia kwa mtu aliyetoka huko kwamba nyie wa Ntalikwa mnapangwa upya, nyumba kwa mistari. Kama umehamishwa, niambie mlango wako sasa unatazama wapi, nisije nikabisha hodi kwa watu.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Nimechoka, mama, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Shamba sasa ni mali ya umma. Bango la getini lilipakwa rangi mpya, na siku hiyo tulicheza ngoma mpaka tukasahau kula. Kesho yake mtambo wa kukamua mkonge ukanguruma vilevile. Mimi ndiye ninayeulisha majani, nasimama ubavuni mwake tangu alfajiri. Ukitoka pale unapanda kitandani na mtambo wako kichwani. Chumbani kwetu tulikuwa hatulali, tunagombana kwa mambo ya kipuuzi, mara chumvi, mara kamba ya kuanikia nguo.

Basi nikakumbuka kibuyu. Si ulikuwa ukitusimulia habari za bibi kule Kwihara, babu akirudi safari ya pwani, bega limechubuka kwa mzigo? Haulizwi habari. Kwanza analazwa mkekani. Bibi anajaza maji kwenye chungu kipana, anakifudikiza juu yake kibuyu kilichopasuliwa nusu, kinaelea, halafu anakipiga taratibu kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Du, du, du, mpaka uso wa babu ulegee. Nawe ulimpigia baba hivyohivyo alipotoka kazi ya reli, na sisi watoto tulijibanza ukutani tukalala kabla yake.

Hapa chungu changu ni karai, na kibuyu ni cha Msukuma mmoja, kilimpasukia siku ya pombe. Saidi, Mzigua ninayekaa naye chumba kimoja, alishika mbavu kwa kucheka. Watani hao, unawajua. "Nyie Wanyamwezi mizigo imewaishia, sasa mnatwanga maji!" Nikamwambia lala chini, mtani, unyamaze. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukoroma. Tangu hapo kila Jumapili baada ya chakula cha mchana chumba kinajaa, watu wanalala kichwa kwa miguu mpaka mlangoni. Hata nyapara alikuja akijifanya anakagua, akaishia kuvua viatu.

Sasa Mwajuma, hapa ndipo. Soma.

Jumapili iliyopita nilikuwa napiga, nimefumba macho kama kawaida yangu. Nikahisi mkono wa Saidi begani. Kufumbua macho, wote wamekaa kitako wananitazama, hakuna aliyelala hata mmoja. Mlangoni mvua inamwagika, ile mvua kubwa, na paa letu ni la bati. Unaijua mvua ya bati, mama, humsikii hata mtu anayekuita ubavuni. Wenzangu walikuwa wameshaamka, wameshacheka, wameshanyamaza, kumbe mimi naendelea tu kupiga. Sikuisikia mvua. Na kibuyu chenyewe, nilipojiuliza vizuri, nina siku nyingi sijakisikia. Nilikuwa nakijua kwa vidole, na kwa lile karai lililokuwa likitetemeka gotini kwangu.

Nililia, sitakuficha. Saidi hakunitania.

Mganga wa zahanati alinichungulia masikioni, kisha akaniandikia kwenye karatasi, maana alichoka kunipigia kelele, kwamba niuache mtambo kabla hicho kidogo kilichobaki nacho hakijaondoka. Nyapara akanisogelea usoni akapayuka kwamba mtambo haulishwi kwa masikio, mikono yangu mizima. Kweli ni mizima. Lakini mimi naitaka sauti yako, mama, hata kama itanifikia kama ya mtu aliye ng'ambo ya mto, kabla haijazimika kabisa. Basi nimeaga, narudi. Kibuyu nimemwachia Saidi. Anakipiga kama anayefukuza kuku, lakini wananiambia wanalala hivyohivyo.

Nisalimie mjomba na mizinga yake ya nyuki, na shangazi anayeuza karanga stesheni ya Kaliua. Balozi wetu wa nyumba kumi mwambie aniandike, mtu wake anakuja, na jembe bado analiweza.

Mama, nikifika usilie, na usiniulize habari. Zote nimezimalizia humu. Nitandikie mkeka, ujaze chungu maji. Ukipiga, uwe unanitaja jina, karibu na sikio la kushoto, maana ndilo lililobaki. Ukiona sifumbi macho, basi ujue sikukusikia. Nishike mkono, mama, uutie majini.

Mwanao,
Hamisi