Chama cha Anti Wambui Ndani ya Kompyuta

Mpendwa Anti,

Jana nilipita pale ilipokuwa ofisi yako ya kutaipu, nikakuta siku hizi wanauza simu na vifuniko vyake vya kila rangi. Muuzaji akaniuliza, "Madam, nikusaidie na nini?" Ningemwambiaje kwamba ukutani nyuma yake Mwalimu Murage alibandika ramani ya nchi isiyokuwepo, na kwamba mwenyekiti wa nchi hiyo alikuwa shangazi yangu? Nilinunua chaja nisiyoihitaji nikaenda zangu. Tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari mmoja, na wewe uliyenifundisha kutaipu kwa vidole vyote kumi ungenicheka kwa uvivu huo. Basi leo nakuandikia.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Watu wa Nyeri walikuja kwako kutaipisha barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi, na wewe ulikuwa hujatosheka. Ulinunua modemu, kisanduku cha kuunganisha kompyuta na mtandao kwa laini ya simu, ukatuambia iko siku watu watatuma barua bila stempu. Baba yangu, ndugu yako, alikuja kuiona ikipiga simu Nairobi, akasema ati hiyo kisanduku inalia kama paka amekanyagwa mkia. Ulimwambia aende akachunge ng'ombe wake. Nakupenda kwa mengi, lakini nadhani nilianza kukustahi siku hiyo, kwa jinsi ulivyokaa na paka wako ukimbembeleza mpaka laini ikashika.

Ndipo akaingia Gitonga, mtu wa mapokezi katika hoteli moja ya Nanyuki, sweta limefungwa hadi kooni, mkononi ana disketi aliyoachiwa na mwanajeshi wa kigeni aliyemaliza mazoezi akarudi kwao. Alitaka umchapishie sheria za mchezo zilizokuwa ndani. Printa yako ilikuwa ya kelele na ya polepole, na hukuwahi kuchapisha kitu bila kukisoma. Ulipofika katikati ukavua miwani.

"Kwa hivyo hii ni watu wako mbali mbali, na wanalima pamoja kwa barua?"

"Na wanapigana pia, Madam. Lakini lazima mkuwe kikundi. Na mimi niko peke yangu."

"Sasa uko na mimi," ulisema. "Nyambura, vuta kiti."

Nikavuta. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi nyingine ila kukusaidia, na sikujua kwamba kiti kile nitakikalia miaka. Mwalimu Murage, wa jiografia kule Kiganjo, alitujia kwa njia yake mwenyewe. Alileta mtihani wa shule ili ataipiwe, akatukuta tunabishana kuhusu mto wa mchezoni. "Mto haiwezi kupanda kilima, nyinyi watu," alisema, akachukua kalenda kuukuu, akaigeuza, akaanza kuchora. Hakuondoka mpaka ukafunga duka.

Watoto wangu nikiwasimulia mchezo wenyewe wananihurumia. Hapakuwa na picha hata moja, ni maneno tu kwenye skrini nyeusi. Kila mmoja wetu alikuwa na shamba lake katika bonde moja, na kila wiki tulituma amri zetu kwa barua pepe, Gitonga kutoka kompyuta ya hoteli yake na sisi kutoka kwako: panda hiki, chimba mawe pale, peleka askari kule. Jumamosi asubuhi msimamizi wa mchezo, mzungu fulani wa nchi ya baridi ambaye hatukuwahi kumwona, alikusanya amri za vikundi vyote duniani, akapiga hesabu, akatutumia matokeo. Wenzetu huko walituma amri zao wakiwa wamevaa soksi, kikombe cha kahawa kando. Sisi tulipigana na laini ya Nairobi kwanza, na stima, na mvua iliyolaza nguzo za simu kuelekea Kiganjo. Stima ikipotea, skrini ikazima katikati ya sentensi, ulikuwa unashusha pumzi, unasema "Haya," na ikirudi unaanza tena kutoka neno la kwanza. Sikuwahi kukusikia ukisema tuache.

Lakini kilichonifanya nikuvulie kofia ni chama. Wewe ulikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kanisani, wanaochanga na kununuliana vitu kwa zamu, na hukujua njia nyingine ya watu wanne kupata kitu. Vikundi vingine, kila mtu alijaza ghala lake. Wewe ulisema hapana, tutazungusha. Wiki hii mavuno yetu sote yanakwenda kwa Mwalimu, anajenga kinu. Wiki ijayo kwa Nyambura, anachimba kisima. Inayofuata kwa Gitonga. Watatu wanakula viazi, mmoja anasimama. Ikifika zamu yako ulikuwa unasugua mikono kabisa, kana kwamba kuna mtu anakuletea godoro.

Wageni walitucheka. Kulikuwa na kiongozi wa kikundi kimoja aliyejiita Mfalme wa Kaskazini, akatuandikia kutuuliza ni akili gani hiyo ya kumnonesha mmoja na kuwashindisha njaa wengine. Je, yule mmoja akihama na kila kitu? Ulimjibu kwa mstari mmoja tu, nami ndiye niliyeutuma: "Akihama, tunajua kwao."

Baada ya miezi kadhaa bonde letu lilikuwa na vinu, visima na daraja, na Mfalme hakucheka tena. Alianza kushuka na jeshi lake. Njia ya kuingia kwetu ilikuwa moja, pale kwenye shamba la Gitonga, na zamu iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Gitonga. Ukaamua tumpe vyote. Si mavuno peke yake, bali na akiba ya ghalani, mawe, askari wote, ajenge ukuta wa kuziba njia. Tukampa. Ikawa ni yeye tu aliyebaki kutuma amri ya kujenga.

Wiki ile Gitonga hakutuma kitu. Anti, unakumbuka kimya kile? Sheria zilikuwa wazi: anayekosa wiki mbili mfululizo ananyang'anywa shamba na vyote vilivyomo, anapewa jirani mwenye nguvu kuliko wote, na jirani huyo alikuwa Mfalme. Ila kikundi kikimfukuza mtu wao kabla ya hapo, wanarudishiwa nusu. Wiki ya pili ikaanza, nasi tukawa tunapiga Nairobi kutwa kucha kutazama kama barua yake imefika. Laini ikikatika tunapiga tena. Mwalimu alikuwa akirukia matatu kuja saa ya chakula cha mchana, hajala, anasimama nyuma yangu akisema, "Jaribu tena. Jaribu tena."

Alhamisi akachoka. "Huyo amekula chama," alisema. "Mimi nimeona hii kitu mara ngapi? Mtu anabeba, halafu humwoni. Tumfukuze tuokoe nusu."

Mimi, kusema kweli, nilikuwa upande wa Mwalimu. Nusu ni nusu. Na siku hiyo hiyo Mfalme alituandikia, mwenye furaha tele, kwamba mtu wetu ametukimbia na afadhali tujisalimishe mapema. Uliisoma barua ile mpaka mwisho, ukafuta miwani kwa pindo la sketi.

"Nyambura, kwa chama yetu ya kanisa, mtu akikosa kuja, tunafanyaga nini?"

"Mnaenda kwake."

"Tunaenda na nini?"

"Na sukari."

"Basi," ulisema. Ijumaa asubuhi ukafunga ofisi na kadi za harusi ya watu zikiwa bado kwenye mashine, jambo ambalo hukuwa umewahi kulifanya, hata siku ya homa.

Tulipanda gari la mkate kwa sababu ulikuwa unamdai dereva fadhila fulani kwa barua uliyomwandikia. Mwalimu tulimchukua Kiganjo, amemwachia mwenzake vipindi, uso umefura kwa hasira. Mlima ulikuwa umejitoa wote asubuhi ile, mweupe juu, na hakuna aliyeutazama. Mwalimu alihubiri mpaka Naro Moru kuhusu watu wa kula vya wenzao, na wewe ukashika mfuko wako wa sukari na majani ya chai magotini ukiitikia "Mm" tu. Tulikuwa na mpaka jioni amri ya wiki ya pili iwe imetumwa. Baada ya hapo bonde lingekuwa la Mfalme.

Pale hotelini, askari wa langoni alituambia Gitonga hayuko. Msimu huo wanajeshi hawakuja kama walivyotarajiwa, nusu ya hoteli ikafungwa, na watu wa mapokezi wakaambiwa waende nyumbani. Mwalimu ndiye aliyeuliza anakaa wapi. Tukaelekezwa nyuma ya soko, nyumba ya mabati yenye mlango wa bluu.

Gitonga alipofungua alibaki ameshika mlango, sweta lake lile lile. "Ngai, Madam," alisema. Mkewe ndiye aliyetukaribisha, akachukua sukari, akaweka sufuria ya chai. Ukaketi. Na hapo, Anti, ndipo ulipoanza kunishangaza. Ulimuuliza mkewe kikohozi cha mtoto aliyekuwa mgongoni kimeanza lini. Ulimuuliza Gitonga walimpa notisi au walimtoa hivi hivi. Ulimuuliza kama mwenye nyumba ni mtu wa kusikilizana naye. Kikombe cha kwanza kikaisha. Mwalimu akanipiga teke chini ya meza. Mimi nikatazama saa, nikakutazama wewe, na wewe ukasogeza kikombe uongezewe.

Katikati ya kikombe cha pili Gitonga akainuka, akaingia chumbani, akarudi na karatasi mbili zilizokunjwa.

"Madam, hizi ni amri zangu. Ya wiki ile na ya hii. Kwa ile kompyuta ya hoteli walinitoa. Nikasema niwapigie muandike huko. Nimepiga simu kutoka posta kila siku, asubuhi, saa sita, jioni. Inasema iko bizi. Kila siku bizi! Nikajua basi, mumekasirika, mumeacha simu wazi ndio nisiwapate. Na kuja mikono mitupu, sasa ningeanzia wapi?"

Tulitazamana. Laini ilikuwa moja. Simu ya ofisi na modemu vilitumia waya ule ule. Sisi wiki nzima tulikuwa tumeikalia simu tukimtafuta Gitonga, na Gitonga wiki nzima alikuwa akitutafuta kwa simu hiyo hiyo.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mwalimu. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa tai, kisha akainuka, akamshika Gitonga mkono kwa mikono miwili, akasema, "Nisamehe, bwana. Mimi nilikuwa nimeshakuzika." Gitonga naye akacheka, na mkewe akacheka bila kujua tunacheka nini. Wewe ulimaliza chai yako kwanza.

Tulirudi Nyeri na Gitonga mwenyewe katikati yetu, maana ulisema amri zake atazituma kwa mkono wake. Laini ilikataa, ikakataa tena. Maduka ya jirani yalikuwa yanashusha milango ulipoishika, paka wako wa modemu akalia vizuri, na barua ikaenda. Jumamosi matokeo yakaja: ukuta umesimama. Mfalme aliugonga majuma mengi, akachoka, akageukia bonde la wengine. Hatukuwahi kuwa wakubwa katika mchezo ule, lakini vikundi vilivyotucheka vilivunjika kimoja baada ya kingine kwa ugomvi, na sisi tulikuwepo mpaka siku mzee wa nchi ya baridi alipotangaza kwamba amechoka, anafunga. Gitonga alibaki kwako akifundisha watu kompyuta katika chumba cha nyuma, kisha akafungua chake Nanyuki. Alikuwa mmoja wa waliolibeba jeneza lako. Mwalimu naye alitaka kubeba, magoti yakamkataa, akatembea kando ameliwekea mkono.

Nimeongoza watu kazini miaka mingi sasa, Anti. Nimesoma vitabu vya uongozi na kwenda semina zenye chai ya saa nne. Bado sijaona mtu wa kiwango chako, na nikijaribu kueleza kwa nini, ninarudi kwenye jambo moja nililokuuliza mwaka wako wa mwisho. Ulikuwa umeketi kwenye jua mbele ya nyumba, blanketi magotini, unachambua njegere polepole kwa sababu mikono ilikuwa imechoka. Nilikuuliza, siku ile kwa Gitonga, saa zilikuwa zinakwisha na hukutaja mchezo hata mara moja. Je, kama asingetoa zile karatasi?

Ulinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Ningemaliza chai nirudi nyumbani," ulisema. "Kwani nilikuwa nimefuata ukuta?"

Pumzika, Anti. Nakupenda, na najivunia kila siku kwamba uliniambia nivute kiti.

Mpwa wako,
Nyambura