Nzi Ndani ya Taa

Wifi yangu mpenzi,

Kwanza pokea salamu zangu, na upokee na za mtoto, ambaye amenisimamia hapa mezani kuhakikisha nimeandika kwamba jino lake la mbele limeng'oka. Nimeandika. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado unapanda ngazi huku unazigombeza? Sisi hapa miili ni mizima. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kitako niandike, maana kwenye simu mdogo wako hutega sikio, na wewe nikianza kufoka unacheka.

Neno lenyewe ni hili: mtoto haendi tena shule kwa pikipiki ya baba yake. Nimekataza mimi. Mdogo wako amenuna, anasema nimemvunjia heshima mbele ya mtaa mzima, na najua siku si nyingi atafunga safari aje kunishitaki kwako, kwa sababu wewe ndiye uliyemlea na kwako hajawahi kuwa na kosa. Basi nisikilize mimi kwanza. Ukimaliza kusoma, utahukumu unavyotaka.

Mambo yalianza na pete. Si za vidole. Ni pete mbili za plastiki zenye vitaa vidogo vya LED, zinazofichwa ndani ya taa ya mbele ili pikipiki ionekane ina macho. Aliziona kwenye simu, akaziota, akazinunua. Fundi pikipiki wa hapa njia panda alijitolea kuzifunga, lakini mdogo wako akasema mafundi wote waharibifu, atazifunga mwenyewe nyumbani. Unajua anavyojisifu kwamba ana mikono ya dhahabu. Wewe ndiye uliyemwambia hivyo, Mungu akusamehe.

Sasa taa ya pikipiki haifunguki hivi hivi. Kioo chake kimeshikwa na gundi nyeusi, na gundi hiyo hulegea kwa moto. Moto upi? Wa oveni yangu, wifi. Oveni ninayookea keki za watu, inayotulipia karo. Nilirudi kutoka dukani nikasikia harufu mpaka nje, nikadhani kuna jirani anachoma tairi. Kufungua oveni, nakuta taa imelala kwenye sinia langu, haijapitishiwa hata kitambaa, ina matope na wadudu waliokaukia kwenye kioo, miguu juu. Gundi imeanza kutiririka. Badala ya kuona haya, akaniambia nifunge mlango haraka, joto linatoka.

Akaitoa kwa glavu zangu. Akakibandua kioo kwa kisu changu cha kupakia krimu. Ile gundi ikavutika nyuzi nyuzi, nyeusi, nzito, kama makamasi ya mgonjwa, naye anazikata kwa vidole na kujifutia kitambaa cha vyombo, anapiga mluzi. Nilitoka nje nikashika ukuta.

Nilisugua oveni ile kwa ndimu, kwa magadi, kwa majivu. Keki iliyofuata ilikuwa ya mwalimu mkuu, ya siku ya kuzaliwa ya mama yake. Ilirudi ikiwa na pengo la kipande kimoja tu, na ujumbe kwamba bibi kizee ameuliza kama siku hizi tunapikia mafuta ya gari. Nikaionja. Ilikuwa na ladha ya lami, wifi, lami yenye sukari. Mdogo wako, kwa kunifariji, akakaa akala vipande vitatu na kusema haina neno. Nilimtazama akitafuna nikashangaa nililala vipi kitanda kimoja na mtu huyu miaka yote hii.

Ungedhani hapo yametosha. Asubuhi moja nikapiga mswaki kama kawaida, nikahisi kitu kinakwaruza kwenye fizi. Nikatema. Kwenye beseni kulikuwa na bawa. Bawa zima la mdudu, na mchanga mweusi. Kumbe kasikia kwamba dawa ya meno hung'arisha kioo kilichofifia, naye kasugua taa yake, na kati ya miswaki mitatu kwenye kikombe kachagua wangu, kwa kuwa eti wake ni mgumu utaacha mikwaruzo. Nilipomuuliza akaapa kwamba aliusuuza vizuri.

Ikafika siku ya kuunganisha nyaya. Aliniita sebuleni mara nyingi nimwonyeshe waya upi mwekundu na upi mweusi, mpaka nikadhani anatafuta njia ya kupatana nami, ananishirikisha ili nisahau mswaki. Alijichoma vidole kwa kile chuma cha kulehemu. Pete moja ikakaa upande. Gundi ikajaa alama za vidole, na unywele ukabaki humo humo. Nilipomwonyesha, akasema nimeanza kuwa na macho kama ya mama yenu, yanayoona uchafu tu. Nikamuuliza hata hizi pete zina faida gani, maana nilishaziona zikiwaka na mwanga wake haufiki hata getini. Akajibu kwamba ni urembo, akageukia nyaya zake.

Jumamosi mchana akaitoa pikipiki barazani, kwenye kivuli, akaita watu waje kutazama. Akaja fundi viatu, akaja yule jirani tunayemwita Redio, wakaja na wengine. Akawasha. Watu wakapiga makofi, na mimi nakiri kwamba zilipendeza kwa mbali. Mtoto akachuchumaa mbele ya taa, akatazama, akamwambia baba yake kwamba kuna nzi ndani.

Kweli alikuwemo. Nzi mnene, wa kijani, mzima kabisa, amefungiwa ndani ya taa kama mpangaji. Akawa anatembea juu ya ile pete iliyowaka, anasimama, anapangusa mikono yake ile michafu, anaendelea. Redio akacheka mpaka akakaa chini. Mdogo wako akasema hakuna nzi, taa ameisafisha yeye mwenyewe, kioo cheupe kama maji. Mtoto akaweka kidole kwenye kioo na kumfuata yule nzi anakokwenda. Baba mtu akainama mpaka pua ikagusa taa, akarudia kwamba hakuna kitu.

Nilidhani ni ule ubishi wake unaoujua. Nikasimama mbele ya watu wote nikamwambia aache kututia aibu, wote tunamwona nzi. Hapo akacheka, akasema alikuwa anatania tu, hata yeye anamwona. Nikamwambia basi amwonyeshe yuko wapi. Akanyoosha kidole akakiweka kwenye tone la gundi. Nzi alikuwa pete ya pili, wifi, upande wa pili kabisa. Watu wakacheka zaidi, wakidhani anaigiza. Mimi sikucheka.

Walipoondoka nikamfuata jikoni nikafunga mlango. Alizunguka zunguka kwa maneno, kisha akaketi juu ya ndoo na kunieleza. Jicho la kulia limejaa ukungu tangu msimu wa baridi uliopita, na la kushoto limeanza kulifuata. Alikwenda kwa daktari wa macho bila kutuambia. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, anatolewa kwa upasuaji mdogo na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo, lakini mpaka hapo asiguse usukani. Mdogo wako akaaga kwamba anakwenda msalani, akatoroka. Anasema kila kitu atavumilia ila si mtu kumshika jicho. Yeye, aliyeichokonoa taa ile kwa kisu bila hata kupepesa!

Nikamuuliza: na pete? Akasema zile hazikuwa za yeye kuona. Zilikuwa za watu wamwone. Kwa kuwa yeye magari na waenda kwa miguu anawaona wakishafika karibu mno, basi alifikiri taa ya namna ile itawafanya wao wamwone mapema, wampishe.

Wifi, nimesafisha matapishi ya watoto, nimeosha vidonda vya marehemu mama yenu, wewe ni shahidi. Sijawahi kuona kinyaa kama nilichokiona nilipomtazama yule mwanamume juu ya ndoo. Gundi, keki, bawa la mdudu mdomoni mwangu, yote nilimsamehe pale pale, maana hayo ni uchafu na uchafu huoshwa. Lakini kila asubuhi ya mwaka huu alimpandisha mwanangu mbele, juu ya tangi, akamvalisha kofia, akaingia barabarani akitegemea malori yampishe. Na alikuwa anajua. Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikatapika kweli kweli.

Nilidhani kwa kuwa amesema, basi amekoma. Jumatatu namwona anaipangusa pikipiki, anamwita mtoto. Anasema shule si mbali, njia anaijua kwa moyo. Ndipo nilipomshika mwanangu mkono nikapiga kelele ile iliyowatoa majirani wote nje. Hiyo ndiyo heshima anayodai nimeivunja.

Mimi hanisikii. Kwa daktari alitoroka. Amebaki mtu mmoja tu anayemwogopa, na huyo ni wewe uliyekuwa ukimkalia kifuani ili kumtoa miiba. Akija kwako kunishitaki, mpe chai, umwache amalize mashitaka yake yote, kisha umpeleke kwa daktari na ukae mlangoni. Msalani mfuate pia.

Nisalimie shemeji na watoto wote, mwambie binti mkubwa sare yake nimeipata. Mtoto anauliza utamletea nini ukija. Usimletee kitu chenye taa.

Nimekuwekea ufunguo wa pikipiki ndani ya bahasha hii, umefungwa kwa karatasi usije ukaichana. Mdogo wako atakwambia nimeuficha. Sikuuficha. Leo asubuhi ulikuwa juu ya meza, kando ya kikombe chake cha chai. Aliutafuta mifukoni, akautafuta chini ya mito, akapapasa meza ile ile mpaka chai ikamwagika. Nikanyoosha mkono nikauchukua mbele yake, naye akawa bado ananiuliza kama nimeuona.

Wifi yako akupendaye,
Mke wa mdogo wako