Tope la Kiwanda cha Ogola

Manyatta, Kisumu
9 Machi 2025

Kwa kaka yangu Wepukhulu,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Mama anaendeleaje na kile kikohozi? Mimi mwili ni mzima, lakini roho bado inachemka.

Ulisikia kwamba kile kiwanda cha ngozi alichofanyia kazi Baba, kilichofungwa zamani, kinataka kugeuzwa hoteli. Kabla ya kibali, tope la ufuo wake lilipaswa kupimwa sumu, na maabara yetu ndiyo iliyopewa kazi. Kaka, nilicheka peke yangu. Nilikumbuka mikono ya Baba ilivyochunika, na jinsi Bwana Ogola, mwenye kiwanda, alivyomfukuza siku aliyoshindwa kushika kisu. Nikajiambia mzee huyu sasa nimempata.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Unaweka tope kwenye chupa, unatia minyoo ishirini ya ziwani, unangoja siku kumi, kisha unahesabu iliyo hai. Lazima pia uwe na tope safi la kulinganisha. Nilichota letu, pale kijito kinapopita chini ya shamba la Mama, maana sikujua pahali safi kuliko kwetu.

Ogola alikuja mwenyewe kuangalia. Akaniita nyathina, yaani mwanangu kwa Kijaluo chao, akasema Baba alikuwa mfanyakazi mzuri sana. Nilitamani kumtemea mate.

Siku ya kumi nikahesabu. Kwenye tope lake, minyoo kumi na minane ilikuwa hai. Kwenye letu, mitatu. Nilidhani sikuosha chupa vizuri, na ningepaswa kurudia. Badala yake, na hili sijamwambia mtu, nilibandua lebo nikazibadilisha. Ripoti ikasema ufuo wa Ogola ni sumu na kwetu ni safi. Hoteli ikakwama. Niliposikia amelia mbele ya wanawe, nilinunua soda nikainywa polepole.

Wakili wake akapeleka tope la ufuo maabara nyingine, likatoka safi. Nikafukuzwa kazi. Hata hilo lisingeniuma sana. Kilichoniuma ni Jumapili iliyopita nilipokuja nyumbani, ukiwa kanisani, Mama akanifungia sukuma wiki na kusema zinanona hivi kwa sababu ya mbolea ya Baba. Nikamuuliza mbolea gani. Akasema Ogola aliwaruhusu wafanyakazi kuchukua tope la mitaro ya kiwanda bure, akiwaambia ni mbolea, na Baba alilibeba kwa baiskeli kila Jumamosi, miaka saba, akimshukuru.

Ndiyo maana ufuo wake ni safi, kaka. Sumu yake aliihamishia kwetu. Chupa zile zilisema kweli, na kweli hiyo ingemmaliza kabisa, nami nikaiharibu kwa hasira zangu. Nimeenda ofisi ya mazingira mara mbili kuwaambia shamba letu lina sumu. Wananionyesha ripoti yenye sahihi yangu inayosema ni safi.

Basi ng'oa mboga zote leo hii. Watoto wasile hata jani, na Mama asichote tena maji ya kijito. Akikuuliza, mpe barua hii umsomee yote, hata pale pa lebo. Ogola sijamsamehe na sitamsamehe, ila simtaji tena bila kujitaja mimi.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na unijibu upesi kama mmeshang'oa.

Ni mimi dada yako,
Metrine Naswa